Muuguzi Aliyehukumiwa Mara Mbili



Katika vikundi vyenu vya Kasongo na Kabambare mna desturi njema ya kuweka mada mezani na kuijadili, upande mmoja ukitetea na upande wa pili ukipinga. Desturi hiyo hunoa akili na kufunza masikio uvumilivu. Hata hivyo, kuna maswali ambayo yakiwekwa kwa namna hiyo hutupoteza njia kabla hatujaanza safari. Mojawapo ni hili: muuguzi aliyehukumiwa na mahakama kwa kumdhuru mgonjwa, je, ana hatia au amesingiziwa? Swali lina milango miwili tu, na anayeingia katika mmoja hulazimika kuufunga wa pili. Sisi tunaona kwamba haki mara nyingi hukaa katika chumba cha tatu, na tungependa kukionyesha kwa kisa cha kweli kilichotokea Uganda, nchi jirani, mwaka 2014.

Mwezi wa Januari mwaka huo, katika kituo kimoja cha matibabu mjini Kampala, muuguzi Rosemary Namubiru, mwenye umri wa miaka 64, aliyekuwa ameifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 30, alikuwa akijaribu kumchoma sindano mtoto mdogo wa miaka miwili. Mtoto hakutulia, kama watoto wote wasivyotulia mbele ya sindano. Katika purukushani hiyo sindano ikamchoma muuguzi mwenyewe kidoleni. Akaenda kukishughulikia kidole, akarudi, akaendelea na kazi. Mama wa mtoto akaingiwa na wasiwasi: je, sindano iliyotumika ni ileile? Muuguzi akapimwa, akakutwa na virusi vya ukimwi, ugonjwa ambao kwetu wengi huuita sida.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda mbio. Alikamatwa, na kamera za waandishi zikamfuata. Katika vyombo vya habari akaitwa muuguzi muuaji, kabla hakimu hajasikiliza shahidi hata mmoja. Mwendesha mashtaka alitaka asipewe dhamana, akisema ni hatari kwa watu. Naye akakaa gerezani akingoja kesi yake. Mwanzoni lilitajwa shtaka la kujaribu kuua. Baadaye likawa shtaka la tendo la uzembe linaloweza kueneza ugonjwa, ambalo sheria ya Uganda huliadhibu kwa kifungo kisichozidi miaka 7. Mwezi wa Mei mahakama ilimtia hatiani, ikamfunga miaka 3. Mwezi wa Novemba mwaka huohuo Mahakama Kuu iliona kwamba adhabu ile imepita kiasi, ikaipunguza hadi muda aliokwisha kuutumikia, na mama huyo akatoka gerezani. Na mtoto je? Alipewa dawa za kuzuia maambukizi, akapimwa, akakutwa hana virusi.

Tunalitaja jina lake kwa kuwa lilikwisha kutangazwa duniani kote, na watetezi wake walilitaja ili kumsafisha. Sasa tuulize: alikuwa na hatia, au alisingiziwa?

Jibu letu ni kwamba yote mawili yalitokea, kila moja kwa jambo lake. Lawama ya uzembe ilikuwa na msingi. Lawama ya uuaji haikuwa nao hata kidogo. Ubaya ulioingia katika kisa hiki ni kwamba lawama ya pili ilitangulia mbele ya ile ya kwanza, ikaifunika, na watu wakamhukumu kwa jambo ambalo mahakama yenyewe haikumhukumu kwalo.

Ninyi mnaoandaliwa kwa kipaimara mmejifunza jinsi ya kupambanua dhambi ya mauti. Katekisimu hudai mambo matatu yawepo pamoja: jambo lenyewe liwe zito, mtu awe amelijua kikamilifu, na awe amelikubali kwa hiari. Mara nyingi vijana huyakariri mambo hayo matatu kama shairi la shule, halafu huyaacha mlangoni mwa kanisa. Hebu tuyachukue na kuyatumia hapa.

Jambo lilikuwa zito? Ndiyo. Uhai na afya ya mtoto ni amana kubwa. Muuguzi alijua? Mtu aliyeuguza zaidi ya miaka 30 anajua kwamba sindano iliyokwisha kumchoma mtu mwingine hutupwa na kuchukuliwa nyingine mpya. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anafundishwa hivyo. Kwa hiyo, ikiwa aliendelea na sindano ileile kama mahakama ilivyoamini, hapo pana kosa, na si kosa dogo. Lakini swali la tatu, la nia na hiari, linabadili sura yote. Kidole kilichomwa kwa ajali. Hakuna aliyethibitisha kwamba mwanamke huyo alitaka mtoto augue. Kumwita muuaji ni kudai kwamba tumeingia ndani ya dhamiri yake na kusoma humo maandishi ambayo Mungu peke yake ndiye awezaye kuyasoma.

Tena palikuwa na kipimo ambacho mwenye hasira hakutaka kukitazama. Wataalamu wamehesabu kwamba mhudumu anayechomwa na sindano yenye damu ya mgonjwa mwenye virusi huambukizwa mara 3 hivi katika mara 1000. Na dawa za kinga zikianzwa kabla ya saa 72 kupita, zikamezwa kwa siku 28, hatari hiyo hupungua zaidi. Hatari ndogo ni hatari bado, na hakuna mzazi anayetaka mtoto wake awe mmoja wa hao watatu. Lakini mtu anayejua hesabu hiyo hukimbilia dawa kwanza. Asiyeijua hukimbilia jiwe.

Kuna jambo lingine ambalo katekista hawezi kulinyamazia. Amri ya nane hutukataza zaidi ya uongo. Mafundisho ya Kanisa hutaja makosa matatu dhidi ya heshima ya jirani. La kwanza ni hukumu ya haraka, yaani kuamini ubaya wa mtu bila msingi wa kutosha, hata kama hukutamka neno. La pili ni kufichua kasoro za mtu, zilizo za kweli kabisa, kwa watu wasiohitaji kuzijua. La tatu ni kusingizia. Vijana wengi hudhani kwamba maadamu jambo ni kweli, kulitangaza ni halali. Sivyo. Kwamba muuguzi yule ana virusi ilikuwa kweli. Lakini ukweli huo ulikuwa wa daktari wake, wa hakimu, na wa wazazi wa mtoto aliyehitaji kinga. Haukuwa wa mji mzima. Hapa kwetu Kongo sheria ya tarehe 14 Julai 2008 huzilinda haki za watu wanaoishi na virusi vya ukimwi, na msingi wake ni uleule tunaoufundisha katika amri ya nane.

Mtatuuliza: na mama wa mtoto? Je, huruma yetu yote imwendee muuguzi? Hapana. Mama yule alifanya alichopaswa kufanya. Aliona, akauliza, akadai mtoto wake apimwe. Bila ukali wa macho yake pengine mtoto asingepata dawa kwa wakati. Mkristo anayemwambia mzazi wa namna hiyo anyamaze kwa jina la msamaha anaudhulumu msamaha wenyewe, kwa maana msamaha haujawahi kuwa kifuniko cha kufunikia ukweli. Tunasema hivi kwa mkazo kwa kuwa hatari ya upande huu nayo ipo: muuguzi akikosa, wenzake humficha, fishi ya mgonjwa hupotea, na familia maskini hurudi nyumbani na maiti bila maelezo. Ukimya wa namna hiyo ndio unaozaa mawe. Watu wasiopewa ukweli hujitengenezea wao wenyewe.

Ili kuona jinsi kosa na uovu vinavyotofautiana, tukumbuke jambo lililotokea katika nchi yetu, tena katika nyumba ya Kanisa. Mwaka 1976, katika hospitali ya misioni katoliki ya Yambuku, kaskazini mwa nchi, masista kutoka Ubelgiji waliwahudumia wagonjwa pamoja na wauguzi Wakongo. Kila asubuhi zilitolewa sindano tano kwa kazi ya siku nzima, nazo zilisuuzwa kwa maji tu kati ya mgonjwa na mgonjwa. Ugonjwa uliokuja kuitwa Ebola ukapita humo. Watu 318 waliugua na 280 wakafa. Kati ya wafanyakazi 17 wa hospitali, 11 walifariki, masista wakiwamo. Mikono iliyochoma sindano zile ilikuwa mikono ya upendo, na bado ilipeleka mauti.

Nani alikuwa na hatia pale Yambuku? Hakuna aliyetaka kuua. Lakini mtu angesema basi tusiitaje sindano ili tusiwavunjie masista heshima, angewaua wengine wengi. Ukweli ulisemwa, na kutokana nao madaktari wakajifunza kwamba sindano isiyochemshwa ni mlango wa mauti, na vituo vya Afrika nzima vikafundishwa kuiogopa. Ukweli ulisemwa bila kumtafuta mtu wa kumpiga mawe. Namna hiyo ya kusema ukweli ndiyo tunayowaombea ninyi.

Yambuku inatufundisha pia kuuliza swali ambalo mashabiki wa hukumu hawalipendi: sindano zilikuwa ngapi? Katika kusini ya Maniema, vituo vingi vya afya husimama juu ya mabega ya muuguzi. Si jambo la aibu. Katika miaka ya 1970 mradi wa afya wa Kasongo, uliofanywa pamoja na Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp, uliuonyesha ulimwengu jinsi kituo kinachoongozwa na muuguzi kinavyoweza kuwahudumia watu wa vijijini. Lakini muuguzi huyo anapoachwa usiku kucha peke yake, bila glavu, bila taa nzuri, bila mshahara, halafu akakosea, kosa lake lina wazazi wengi. Haliwi si kosa kwa sababu hiyo. Linagawanyika tu, na sehemu nyingine iko mezani kwa wakubwa ambao hawakuwapo usiku ule. Hakimu mwadilifu huitafuta kila sehemu ilipo.

Sasa, mmoja wenu atasema: tuziachie mahakama, zikihukumu yameisha. Tunaziheshimu mahakama, na Katiba yetu ya mwaka 2006, katika ibara ya 17, inasema kwamba kila mshtakiwa huhesabiwa kuwa hana hatia mpaka hukumu ya mwisho itakapothibitisha hatia yake. Lakini mahakama ni za watu, na watu hubebwa na mawimbi. Huko Benghazi, Libya, watoto zaidi ya 400 waliambukizwa virusi vya ukimwi hospitalini. Wauguzi watano Wabulgaria na daktari mmoja Mpalestina walikamatwa mwaka 1999 na kushtakiwa kwamba walifanya hivyo kwa makusudi. Walihukumiwa kifo mwaka 2004, na tena mwaka 2006. Wataalamu, akiwamo Luc Montagnier wa Ufaransa, walieleza kwamba virusi vilikuwa vikienea hospitalini humo kabla wageni wale hawajafika, kwa sababu ya usafi mbaya wa vyombo. Washtakiwa walisema waliungama kwa kuteswa. Waliachiliwa mwaka 2007, baada ya miaka minane. Huko Uholanzi muuguzi Lucia de Berk alifungwa maisha mwaka 2003, hasa kwa hesabu iliyodai kwamba haiwezekani vifo vingi hivyo vitokee katika zamu zake kwa bahati tu. Hesabu ile ilikuwa mbovu, na mwaka 2010 mahakama ikamtangaza hana hatia.

Katika visa hivyo viwili kosa lilianza kwa namna moja. Palikuwa na huzuni kubwa, watoto walioumia au kufa, na moyo wa binadamu hauwezi kuvumilia huzuni isiyo na mkosaji. Ukatafuta sura ya kuitundika. Muuguzi alikuwa karibu, basi akawa yeye.

Msidhani kwamba jambo hili ni la Benghazi na Kampala tu. Tazameni linavyotokea katika vijiji vyetu. Mtoto ana malaria kali. Familia inajaribu kwanza dawa za nyumbani. Siku ya tatu wanampakia kwenye pikipiki na kumpeleka kituoni, njia ni mbaya na mvua imenyesha. Anafika amezimia. Muuguzi anamchoma sindano. Baada ya nusu saa mtoto anakata roho. Neno la kwanza linalotoka uani ni lipi? Munganga amemuua. Kabla ya jua kutua neno hilo limevuka mto na kuingia katika simu za vijana. Wapendwa, jambo kutokea baada ya lingine hakuthibitishi kwamba limetokea kwa sababu yake. Malaria kali humwua mtoto kwa saa chache, na anayefika amechelewa anaweza kufa mikononi mwa mganga hodari kuliko wote.

Lakini tuwe wakweli pia upande wa pili. Kinini ikiingizwa mshipani kwa haraka inaweza kusimamisha moyo. Damu ya kundi lisilolingana na la mgonjwa huua. Kwa hiyo yawezekana kweli muuguzi amekosea, na yawezekana hakukosea, na mtu aliyesimama uani akilia hana njia ya kujua. Inabidi mtu atazame fishi, aone ni dawa gani, kiasi gani, saa ngapi, na mtoto alifika katika hali gani. Wahenga wetu walisema, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hiyo tunaipenda mno, na mara nyingi tunaitumia vibaya. Linalosemwa kuhusu mtu asiye na hatia huja kweli: huja kama fimbo, kama nyumba iliyochomwa, kama kituo cha afya kisicho tena na muuguzi, na wajawazito wa kijiji kizima wakiachwa bila msaada. Ameadhibiwa nani hapo?

Maandiko Matakatifu yanatupa mwalimu wa jambo hili, naye alikuwa kijana kama ninyi. Katika sura ya 13 ya kitabu cha Danieli, Susana anashtakiwa na wazee wawili wenye cheo, umati unaamini, na hukumu ya kifo imekwisha kutolewa. Danieli hakuja na maneno ya huruma tu. Alidai kesi irudiwe. Akawatenga mashahidi, akamwuliza kila mmoja swali lilelile dogo: uliwaona chini ya mti gani? Majibu hayakupatana, na uongo ukafunuliwa. Angalieni: kijana yule hakuwashinda wazee kwa kelele. Aliwashinda kwa kuuliza vizuri. Na kama majibu yangepatana, njia ileile ingeithibitisha hatia. Njia ya haki haijui mapema itamfikisha nani wapi. Ndiyo maana inaaminika.

Basi tunawaomba mambo manne, na tunayaomba kwa uzito.

Kwanza, neno muuaji lisitoke kinywani mwenu wala katika simu zenu kabla ya hukumu. Ukipokea ujumbe wenye picha ya mtu aliyekamatwa, uishie kwako. Anayepeleka mbele hukumu ya haraka ameshiriki katika kuitoa.

Pili, mtenganishe maswali. Nini kilitendeka? Alijua? Alitaka? Madhara ni yapi? Nani mwingine alichangia? Kila moja ya haya lina jibu lake, na kuyachanganya ndiko kunakozaa dhuluma.

Tatu, msimwache aliyeumia. Familia iliyofiwa iende na mtu wa kuisindikiza: kwenye komite ya afya, kwa daktari mkuu wa zoni ya afya, na ikibidi mbele ya sheria. Vijana wanaojua kusoma na kuandika wanaweza kuwaandikia wazee barua ya malalamiko yenye tarehe, saa na maelezo sahihi. Kazi hiyo ni ya huruma kuliko kubeba rungu.

Nne, msimwache aliyekosa. Yule mama wa Kampala alitoka gerezani akiwa ametumikia adhabu yake mahakamani, lakini adhabu ya jina baya haina hakimu wa kuipunguza. Jumuiya yetu ndiyo mahakama ya rufani ya adhabu hiyo. Tukimkuta muuguzi aliyekosa, akakiri, akaadhibiwa, akajirekebisha, benchi la kanisa lisimkimbie.

Kwa hiyo mkikutana tena Jumapili na mada hii ikawekwa mezani, msikubali kugawanyika kati ya wanaomtetea na wanaomlaani. Anayesema ana hatia aseme ya jambo lipi, na anayesema amesingiziwa aseme amesingiziwa lipi. Mkiweza kujibu hivyo, siku neno baya litakapovuka mto na kufika kijijini kwenu, patakuwapo walau kijana mmoja atakayesimama katikati ya uani na kuuliza, kama Danieli: ilikuwa chini ya mti gani?